Taa ya Baiskeli ya Baba

Nikisikia mtu anasifiwa kuwa ni mstaarabu, mimi huuliza kwanza kama hana kesi polisi. Watu hucheka, hudhani nafanya maskhara. Jambo hili sina maskhara nalo. Baba yangu alikuwa mstaarabu kupita kiasi, na ustaarabu wake huo ndio uliotufikisha tulikofika, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nyumbani kwetu Mkunazini, Unguja.

Alikuwa fundi wa makubadhi, viatu vya wazi vya ngozi. Duka lake lilikuwa chini, na sisi tukikaa ghorofa ya juu kabisa, ngazi zake nyembamba na za giza hata mchana. Mwanamme wa Mjini siku zile hakupanda ngazi za nyumba yake kimya kimya. Huenda juu mna wanawake wa watu wamekuja kumtembelea mkewe, wamevua mabuibui, wamekaa kwa raha zao. Basi baba akifika chini ya ngazi huita, "Bibi wee!" na mama popote alipo, hata akiwa darini anaanika nguo, humjibu, "Labeka!" Sauti yake ilishuka ghorofa zote mpaka barazani, na majirani walikuwa wakisema kwamba mama akiitikia, mtaa mzima unajua baba karudi. Baada ya hapo humwambia apande, au humwambia angoje kidogo. Siku moja mama alinogewa na mazungumzo akamsahau, baba akakaa kwenye ngazi ya kwanza na samaki wake mkononi mpaka wageni wakaondoka. Hakuthubutu kupanda bila ya kujibiwa. Nilimcheka sana siku ile. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa iliyonishinda, na ulimi wangu ulikuwa mkali, kama ulivyo hadi leo.

Ramadhani ya mwaka ule mchele ulikuwa wa foleni na sukari hali kadhalika, lakini baba hakuacha kumpelekea dada yake futari. Shangazi alikuwa mjane, akikaa Kikwajuni peke yake. Kila jioni mama alifunga mabakuli ndani ya kitambaa, baba akayakaza nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaondoka mapema ili awahi kurudi kufuturu na sisi. Siku moja alichelewa kwa ajili ya mteja mmoja asiyejua kuondoka dukani, na jua likamzamia njiani. Taa ya baiskeli yake ilikuwa haiwaki tangu siku nyingi. Mama alikuwa akimkumbusha, naye akisema atakwenda kuitengeneza, haendi.

Pale Mnazi Mmoja akasimamishwa na askari. Alikuwa kijana, naye amefunga, midomo imemkauka. Akamwamkia baba shikamoo, akaitazama taa, akatoa kitabu chake, akaandika. Baba hakubishana. Alisema makosa ni yake, akaipokea karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi. Hapo hapo adhana ya magharibi ikatoka. Askari hakuwa na kitu, hata funda la maji. Baba akafungua kitambaa, akamkaribisha. Wakakaa wote wawili ukingoni mwa barabara, wakafuturu kwa tende za shangazi na muhogo wa nazi wa shangazi, na uji wakapokezana kwenye bakuli moja. Walipomaliza waliagana kwa kupeana mkono, na baba akaisukuma baiskeli mpaka Kikwajuni kumpelekea dada yake kilichobaki.

Hadithi ile tuliisikia kila siku mpaka Idi. Baba alimsifia yule kijana kama aliyemzaa mwenyewe: kijana wa watu, ana adabu, anajua kazi yake. Mama alikuwa akisikiliza, kisha akiuliza swali lile lile, karatasi imekwendaje. Kwa sababu karatasi ilikuwa imeandikwa siku ya mwisho ya kulipa faini, na siku ya kufika mahakamani kwa asiyelipa. Baba alikuwa na jawabu lake.

"Mtu kafuturu kwa tende zangu," alisema, "leo mimi nende nikasimame mbele ya meza ya polisi nimlipie karatasi yake? Si atafahamu kuwa namwambia ile futari ilikuwa rushwa, na kwa kuwa hakunisamehe sasa naitengua? N'tamwaibisha, mke wangu. Yule keshaisahau zamani."

Mama alimwambia kwamba askari kusahau ni jambo moja na kitabu chake ni jambo jingine. Baba akacheka. Kwake yeye, watu waliokula pamoja saa ya kufuturu hawadaiani, na wala halikuwa jambo la kuulizwa. Meza yake ya kukatia ngozi ilikuwa ikitikisika, na nikaja nikaiona karatasi ile imekunjwa na kupachikwa chini ya mguu mmoja wa meza. Siku ya kulipa ikapita, na ya mahakamani ikapita, hakuna aliyekuja kumuuliza, naye akaona ameshinda.

Baada ya Idi sauti ya mama ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua, tukampa tangawizi na asali. Haikusaidia. Labeka yake ikawa nzito, kisha ikawa haifiki chini, na baba akawa anaita mara mbili. Alipoanza kupaliwa na maji ya kunywa nilimchukua hospitali. Daktari alimtazama kooni kwa muda mrefu, akanitoa nje ukumbini, akafunga mlango, akaniambia kuna uvimbe kwenye koromeo, hapa kwetu haukatiki, aende Dar es Salaam na aende upesi. Ukikatwa mapema, alisema, watautoa na sauti itabaki. Ukiachwa ukakua, watalazimika kutoa na sauti yenyewe, na kama mtachelewa zaidi sijui kitakachobaki.

Mama hakulia. Alisema atakwenda, kwa sharti moja, baba awe naye. Alikuwa hajawahi kuvuka bahari, wala kulala nyumba asiyolala mumewe. Nilimwambia mimi nipo, nitakuwa naye usiku na mchana. Akanijibu kwamba anajua, lakini shingo yake haikatwi ugenini bila ya mumewe kuwepo mlangoni.

Siku zile mtu hakuondoka Unguja kama anavyotoka chumbani kwenda ukumbini. Ilibidi uwe na kibali, na kibali kilipitia polisi kwanza, wakutazame kama huna kesi. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda na barua ya daktari mfukoni, na mimi nikamfuata. Karani aliisoma barua akasikitika kweli kweli, akatuambia hilo halina matatizo, tungoje akapeleke majina. Tukangoja. Aliporudi alikuwa na askari wawili, na hakututazama usoni. Wakamuuliza baba jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha wakamwambia yuko chini ya ulinzi. Alitakiwa mahakamani akadharau, na hati ya kumkamata imetoka zamani, ila wao hawakuwa na haraka naye, walijua ataibuka tu.

Baba alitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa. Alidhani wamemfananisha na mtu mwengine, na hakutaka waone haya kwa kosa lao. Akawaambia kwa upole kwamba yeye ni fundi viatu. Mmoja wao akasema, "Ndiyo, fundi viatu. Baiskeli bila taa."

Walimweka ndani siku ya Alkhamisi, na Ijumaa ofisi zikafungwa mchana. Mimi ndiye niliyepeleka chakula, na mimi ndiye niliyepanda zile ngazi kwenda kumwambia mama. Nilitafuta maneno mazuri, sikuyapata. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa ile sauti ya kukwaruza kama amepelekewa kikoi cha kulalia. Jumamosi jirani yetu muuza mkaa akamwekea dhamana, wakamtoa. Alirudi bila ya baiskeli aliyokwenda nayo, imechukuliwa iwe ushahidi. Alisimama chini ya ngazi akaita, mama akaitika hivyo hivyo anavyoweza, na mimi nilikwenda jikoni nikajifungia.

Tulidhani atalipa na yaishe. Alikwenda na faini mkononi, akasema wazidishe watakavyo, wakamwambia faini ilikuwa ya siku ile. Sasa ni kesi ya kudharau mahakama, lazima isikilizwe, na mpaka isikilizwe mguu wake hautoki kisiwani. Siku ya kesi ilipofika hakimu alikuwa amesafiri. Ikapangwa siku nyengine. Siku hiyo hakimu alikuwepo na askari aliyemwandikia hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amehamishiwa Mkokotoni na hakuna aliyempelekea habari. Ikaahirishwa tena. Na kila tuliporudi nyumbani labeka ilikuwa imepungua. Mama alikuwa amekwisha kuacha kula ugali na muhogo, sasa alikuwa akila uji, akimeza kidogo kidogo huku amefumba macho. Nilikuwa nikimtazama huku nahesabu moyoni ni mafunda mangapi yamepita, na naona haya kuhesabu.

Hasira zangu zilikuwa hazina pa kwenda. Nilikwenda ofisi ya vibali nikamwambia karani mbele ya watu kwamba mama yangu anakufa kwa ajili ya taa, akaniomba niteremshe sauti. Nikamwambia mimi bado ninayo ya kuteremsha. Alikuwa mtu mzuri, maskini, akanipa kiti. Kibali hakuwa nacho.

Basi tukafunga safari ya Mkokotoni, mimi na baba, tukamtafute askari. Tulimkuta sokoni karibu na pwani, akiamua ugomvi wa wauza pweza. Alimtambua baba kabla hatujafika. Alikimbia kumpokea, akamwamkia, akamshika mkono asiuachie, akawaambia wale wauza pweza kwamba mzee huyu alimfuturisha barabarani na hatomsahau maisha yake. Baba akanitazama kama kusema, unaona? Kisha akamweleza kilichotupata. Nilimwona yule kijana uso wake unavyobadilika.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nlijua umeshalipa siku ya pili yake. Ile karatasi ilikuwa ya kazi. Tende zilikuwa za Mungu. Mimi sikuzichanganya hata siku moja."

"Mimi nlizichanganya," baba akasema.

Tukapanda gari kurudi Mjini. Nilitaka kumgombeza, nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, maneno yote nimeyapanga. Nilipomwona amekaa na kofia yake mapajani, anaipindua pindua, nikayameza.

Kijana alitimiza ubinadamu wake. Siku ya kesi alikuja, akasimama mbele ya hakimu akamtetea baba kuliko wakili, mpaka hakimu akamuuliza yeye ni shahidi wa upande gani. Baba akatozwa faini, akakaripiwa, akaachiwa. Tukatoka pale tunakimbia kwenda kwenye vibali. Karani akasema ni habari njema, sasa tungoje mahakama ilete barua ya kufuta lile jina polisi, na polisi walete yao kwake. Tukauliza itachukua muda gani. Akasema inategemea.

Mama hakuweza kungoja. Asubuhi ya pili alipaliwa na mate yake mwenyewe, akageuka rangi, na mimi na jirani tukamkalisha tukampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Alipopata nafuu alimwita baba kwa kidole. Alimwambia kwa mnong'ono kwamba atakwenda na mimi. Vibali vyetu sisi wanawake wawili vilikuwa tayari siku nyingi, vimekaa ndani ya droo ya karani vikimngoja baba.

Bandarini baba aliruhusiwa mpaka getini. Watu walikuwa wengi, wachukuzi na mizigo, askari wanakagua karatasi. Alikuwa amembebea mama furushi lake, na ndani yake amemtilia makubadhi mapya aliyomshonea katika zile siku za kungoja, ngozi laini, asiumie miguu akitembea hospitali. Alikabidhi furushi kwangu, akawa hana tena cha kushika. Mama akamsogelea, buibui limemfunika mpaka machoni. Nilikuwa nimemshika mkono, nikasikia.

"Niite," alimwambia.

Baba hakufahamu kwanza. Mama akanyoosha kidole juu, kama mtu anayeonyesha ngazi, akarudia, "Niite, nikuitikie." Alikuwa amesikia yote aliyosema daktari siku ile ukumbini. Mlango wa chumba cha daktari haukuwa mzito kama nilivyodhani. Baba akatazama huku na huku. Mwanamme mzima, fundi anayejulikana na nusu ya Mji, amwite mkewe kwa sauti getini, mbele ya wachukuzi na askari, amtangaze. Nilimwona anataka. Midomo yake ilifunguka. Kisha ustaarabu wake ukamshinda, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Hadharani hivi? N'takuita ukirudi," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Tukapita.

Hospitali kule daktari aliuliza kwa nini tumechelewa hivi, na barua ya kwanza inaonyesha aligunduliwa zamani. Alitaka jibu la kuandika. Nikaanza kumweleza baiskeli, futari, askari, meza iliyokuwa ikitikisika, na nikajisikia mwenyewe ninavyosikika, mwanamke mzima anahadithia muhogo wa nazi. Nikamwambia tulikosa kibali, akaandika hivyo. Walimkata siku ya pili. Roho waliiokoa, alhamdulillahi, na koromeo wakalitoa. Wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, na alipoamka akafungua mdomo kuniuliza jambo, ikatoka pumzi tu, hapo kwenye tundu. Alijishika. Alinitazama muda mrefu, kisha akanipapasa mimi, kama mimi ndiye niliyekatwa.

Niliandika barua nyumbani kumweleza baba. Niliiandika kwa wasiwasi mwingi, na sikujua kama ilifika, kwa sababu hakujibu.

Tuliporudi alitupokea pale pale getini. Kibali chake kilikuwa kimetoka wiki ile ile tuliyokuwa tunafunga mizigo ya kurudi. Alikuwa nacho mfukoni, akanionyesha, sijui kwa nini. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cheupe shingoni chini ya buibui. Baba hakukiuliza. Alimtazama miguuni, akaona amevaa yale makubadhi, akasema yamemkaa vizuri. Tukaenda kwa miguu mpaka Mkunazini, yeye mbele na furushi, na njiani hakuacha kuzungumza: bei ya samaki, shangazi hajambo, paa lilivuja likazibwa. Sikuwahi kumsikia anasema maneno mengi namna ile.

Nyumbani alituambia tupande sisi kwanza, yeye ana jambo dukani. Tukapanda taratibu, mama akipumzika kila ghorofa. Juu alivua buibui, akakaa kwenye kiti chake kidogo jikoni, nami nikaanza kuwasha moto. Hapo tukamsikia.

"Bibi wee!"

Aliita vile vile kama zamani. Sijui kama alikuwa amesahau, au ulimi ulimponyoka, au alikuwa anatimiza ahadi yake ya getini. Sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa. Mama alikuwa ameinua uso, kitambaa shingoni kinakwenda ndani na nje kwa pumzi. Chini hakuna mguu uliopanda. Alikuwa amesimama pale, na nilijua hatopanda, angesimama mpaka usiku, kwa sababu hajajibiwa.

Nikafungua mdomo nimwitikie mimi. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Alinyoosha wake mwengine akachukua mwiko, akapiga kifuniko cha sufuria mara moja. Akangoja. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na machozi sasa yanamteremka.

Ndipo nikasikia nyayo za baba kwenye ngazi. Alipanda polepole, akasimama mlangoni, akatuamkia, akauliza kama kuna chai.